Kikao cha mwani Mlingotini: dhana potofu kuhusu kupima jambo kwa pande zote

Kikundi cha wakulima wa mwani Mlingotini, Bagamoyo, kinataka kuamua kama kihamishie kamba za mwani aina ya kotonii kilindini, zielee kwa maboya na nanga, badala ya kufungwa kwenye vigingi vya maji mafupi. Mwani huu una bei kubwa kuliko aina nyingine, spinosumu, lakini hufa maji mafupi yakipata joto, hasa wakati wa kaskazi.

Dhana: Tukiwa wengi, pande zote zimeonekana.

Wakulima ishirini wa vigingi vilevile wanaona upande mmoja. Muiteni nahodha anayejua ngalawa zinapita wapi usiku, na mnunuzi aseme atachukua kilo ngapi, kwa bei gani. Muulizeni pia mama asiyejua kuogelea: kwenye vigingi huenda kwa miguu maji yakipwa; kilindini atafanya kazi gani, na mgao wake utahesabiwaje? Swali hili husahaulika, na wanawake hujikuta nje ya kilimo chao wenyewe.

Dhana: Mwenyekiti aanze, wengine wachangie.

Utaratibu huu huharibu vikao vingi. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch, miaka ya 1950, watu walilinganisha urefu wa mistari. Karibu robo tatu walifuata, walau mara moja, jibu lililokosewa waziwazi, kwa kuwa waliotangulia walilitaja kwa kauli moja. Akiwapo hata mmoja wa kusema sahihi, mkumbo ulipungua sana. Basi kila mtu ampe katibu faraghani hoja moja ya kuunga mkono na moja ya kupinga, kabla ya mjadala. Mwenyekiti aseme mwisho.

Dhana: Anayepinga anavunja umoja.

Wapeni wote kazi ya kupinga. Mwanasaikolojia Gary Klein anashauri mchukulie kwamba mpango umekwishashindwa, kisha kila mmoja ataje sababu. Dakika kumi zinatosha. Yatatajwa: kusi imeburuta nanga, ngalawa zimekata kamba, samaki aina ya tasi wamekula mbegu, mvua imelowesha mwani chanjani. Kila sababu iandikiwe kinga na msimamizi wake. Zisizo na kinga ndizo za kujadili kwa kirefu.

Dhana: Penye ubishi, tukutane katikati.

Mkinunua nusu ya maboya ili kuridhisha pande mbili, kamba zitazama. Afadhali kujaribu: kamba kumi kilindini, kumi kwenye vigingi, mbegu za uzito uleule, siku ileile. Baada ya wiki sita pimeni kilo kavu na saa za kazi kwa kila kamba. Rudieni msimu mwingine, maana kotonii iliyostawi wakati wa kusi inaweza kufa kaskazi.