Kijiji hiki ni cha mwaka gani?

Kila ninapowapeleka wageni wazungumzao Kiswahili katika mji wa Cherokee, North Carolina, huwaomba tusimame kidogo langoni mwa Oconaluftee Indian Village, kijiji cha makumbusho cha Wacherokee, wenyeji asilia wa Marekani, kabla ya kuingia. Nawaambia: mle ndani ni miaka ya 1760. Likumbukeni hilo mpaka tutakapotoka, maana mtakachokiona na msichokiona vyote vimetokana na uamuzi huo.

Kazi yangu ni elimu ya makumbusho, na kwa miaka kadhaa nimejikita katika kile tunachokiita historia hai. Huko mambo ya kale hayafungiwi kabatini nyuma ya kioo, yanatendwa mbele yako. Mtu anaunguza gogo na kulikomba liwe mtumbwi, mwingine anafinyanga chungu, mwingine anapuliza mshale kwa bomba la mwanzi, na mshale wenyewe umefungwa nyuzi laini za mbaruti ili upae sawasawa. Kijiji hiki kilifunguliwa mwaka 1952, na wanaokionyesha ni Wacherokee wenyewe wa tawi la Mashariki, wazao wa wale waliobaki milimani ndugu zao wengi walipofukuzwa.

Mgeni wa Kimarekani mara nyingi huja akitafuta hema la ngozi na taji refu la manyoya. Hayo ni ya makabila mengine, ya nyanda za magharibi. Wacherokee walikuwa wakulima wa mahindi, maharage na maboga, na nyumba zao zilikuwa za fito zilizokandikwa udongo. Mtembezaji hutumia muda mwingi kumvua Mmarekani picha aliyokuja nayo kichwani. Wageni wangu hawana haja ya kuvuliwa chochote. Mama mmoja wa Kikongo aishiye Tennessee aliipita nyumba ile bila hata kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja kwenye kinu.

Hapo ndipo aliposhangaa. Kinu ni gogo lililochimbwa, kama chetu, lakini mchi wao umegeuzwa: upande mnene uko juu, mwembamba ndio unaoingia kinuni. Uzito ule wa juu ndio unaoushusha mchi. Mtwangaji kazi yake ni kuuinua na kuulenga. Mama akaomba kujaribu. Dada wa Kicherokee aliyekuwa zamu akamwachia mchi, akamrekebisha mikono, kisha wakapokezana. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake na wala sikutakiwa kutafsiri. Nimesoma mengi kuhusu mbinu za kufundishia makumbusho, na dakika zile kumi zimenifunza zaidi.

Mahindi yenyewe huchemshwa kwanza na maji ya majivu ya kuni. Ganda linaachia, na madini na vitamini vilivyojificha ndani ya punje vinafunguka mwilini. Watu walioyapokea mahindi bila kupokea ufundi huu, huko Ulaya na hata katika majimbo ya kusini mwa Marekani, waliugua pelagra, ugonjwa wa upungufu wa vitamini, kwa maelfu. Unga huo ukichanganywa na maharage, ukafungwa kwenye majani na kuchemshwa, ndio mkate wa maharage ambao familia za Kicherokee zinaupika hadi leo.

Neno hilo, "hadi leo", ndilo linalonifanya nikipende kijiji hiki kuliko vingine vingi. Kuna programu za historia hai ambazo mwonyeshaji hujivika mtu wa kale na kuzungumza kwa nafsi ya kwanza: "mimi ni mhunzi, mfalme wetu ni George." Kwa mji wa walowezi inaweza kufaa. Kwa Wacherokee ina hatari, kwa sababu wageni wengi tayari wanaamini kwamba watu hawa walikwisha. Mcherokee akijifanya mtu wa 1760, anaithibitisha imani hiyo. Kwa hiyo huyu anayesuka kikapu atakuambia alifundishwa na bibi yake, kwamba mwanzi wa mitoni siku hizi ni taabu kuupata, na jinsi anavyopata rangi nyekundu na nyeusi kutoka kwenye mizizi ya mwituni. Kikapu cha kusuka mara mbili huanzia ndani, kwenye kitako, kinapanda hadi mdomoni, kinapinda na kushuka nje mpaka kitako tena, bila kukatwa. Ukimwuliza swali la kijinga, anakujibu akiwa yeye, mtu wa karne hii mwenye simu mfukoni.

Sasa nirudi kwenye mwaka. Miaka ya 1760 inatupa mambo mengi: nyumba ya baraza yenye pande saba kwa ajili ya koo saba, watoto wakihesabiwa ukoo wa mama yao, shanga za kioo na mashoka ya chuma kutoka kwa wafanyabiashara Waingereza. Lakini ni miaka ya majivu pia. Mwaka 1761 jeshi la Uingereza chini ya James Grant lilichoma miji 15 ya Wacherokee pamoja na mashamba yake ya mahindi. Mwaka uliofuata Ostenaco, kiongozi wa Kicherokee, alivuka bahari akaonana na Mfalme George wa Tatu jijini London. Kijiji tulivu chenye moshi wa jikoni hakiwezi kuonyesha moto ule. Unategemea mdomo wa mtembezaji.

Ndiyo maana siku ya pili huwa navuka na wageni kwenda New Echota, Georgia, uliokuwa mji mkuu wa Taifa la Cherokee. Huko mwaka ni wa 1830 hivi. Kuna nyumba ya matbaa iliyojengwa upya, ambako gazeti la Cherokee Phoenix lilianza kuchapwa tarehe 21 Februari 1828, kwa Kiingereza na kwa herufi za Kicherokee alizozibuni Mcherokee Sequoyah na kuzikamilisha mwaka 1821. Ni alama 85, karibu kila moja silabi. Mtoto aliyesoma kwa "ba, be, bi, bo, bu" huielewa chati ile papo hapo: a, e, i, o, u, halafu irabu ya sita inayotokea puani, kisha ga, ge, gi, go, gu. Walimu wa Kimarekani hunieleza kwamba wanahitaji nusu saa kuifafanua. Watoto wetu huanza kuiimba.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Chief Vann House, jumba la matofali la mwaka 1804. James Vann, Mcherokee tajiri, alikuwa na watumwa Waafrika wapatao 100. Sensa ya 1835 ilihesabu watumwa karibu 1,600 katika taifa zima, na Wacherokee wapatao 16,000 walipoondolewa kwa nguvu mwaka 1838 na 1839, katika safari iliyoua wanaokadiriwa kufikia 4,000, Waafrika hao walitembea pamoja nao. Mkataba wa 1866 kati ya Marekani na Taifa la Cherokee uliwapa watumwa walioachiwa huru haki zote za Wacherokee. Wazao wao walizipigania hadi hukumu ya mahakama ya Marekani mwaka 2017, na mwaka 2021 mahakama kuu ya Taifa la Cherokee ikaamuru maneno "kwa damu", yaliyowabagua wasio na damu ya Kicherokee, yafutwe katika katiba yake.

Zamani nilikuwa nikiliruka jumba hili, nikiona nitawavunja moyo wageni waliokwisha wapenda wenyeji wao. Yule mama wa kinu ndiye aliyenirekebisha. Tukiwa garini aliniuliza, "Mwalimu, na weusi wa huku walikuwa wapi wakati huo?" Tuligeuza gari.