CA-125: Namba Moja Haitoshi Kusema Una Saratani

Karatasi ya majibu imeandikwa CA-125: 68, na pembeni kuna alama kwamba imezidi. Mwanamke huanza kugawa mali kichwani kabla hajamwona daktari. Asiharakishe.

CA-125 ni protini inayopimwa kwenye damu, na saratani ya ovari (vifuko vya mayai ya mwanamke) si chanzo chake pekee. Utando unaofunika viungo vya tumbo na kifua huitoa pia, hasa ukipata bughudha. Ndiyo maana hupanda wakati wa hedhi, ujauzito ukiwa mchanga, kwa wenye faibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani) au endometriosisi (tishu kama za utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake), hata kwa wagonjwa wa ini na moyo. Kwetu tusisahau kifua kikuu cha tumbo. Mgonjwa huja amekonda, tumbo limejaa maji, CA-125 inasoma mamia, na picha zote zinafanana na saratani iliyosambaa. Kinyama kikichukuliwa na kupimwa, kumbe ni TB, ugonjwa ambao kwa kawaida hutibiwa kwa dawa za miezi sita. Aliyeamua kwa namba tupu angeshampeleka kwenye upasuaji mkubwa.

Na kuwa chini ya 35, kiwango ambacho maabara nyingi hukitumia kama mpaka, hakukuhakikishii usalama. Saratani ikiwa katika hatua ya kwanza, karibu nusu ya wagonjwa majibu yao huwa ya kawaida. Uingereza iliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000 wasio na dalili. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kuwapima hakukupunguza vifo. Kuwatangazia wanawake wasio na dalili kipimo hiki kama "cheki ya saratani" ni kuwauzia hofu.

Mwenye dalili ni habari nyingine. Tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya nyonga au kukojoa mara kwa mara kwa wiki kadhaa, hasa baada ya miaka 50: hapo damu ipimwe, na ultrasaundi ifanyike.

Kipimo hiki hung'ara zaidi saratani ikishathibitishwa. Kikitoka 900 kikashuka hadi 400, kisha 60, tibakemia (dawa za kuua seli za saratani) inafanya kazi. Pimia maabara ile ile, maana mashine hutofautiana. Baada ya matibabu, namba inaweza kupanda miezi kadhaa kabla ya dalili kurudi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kuanza tena dawa kwa sababu ya namba pekee hakukurefusha maisha. Kwa hiyo wapo wagonjwa wanaokubaliana na daktari wao wasipime hadi dalili zijitokeze, na uamuzi huo una mashiko.