Thunderbird ikigoma baada ya kuwasha kompyuta: usikimbilie kufuta akaunti

Umeme umekatika Thunderbird, programu yako ya barua pepe, ikiwa wazi. Umerudi, umewasha kompyuta, na sasa programu haifunguki, au inafunguka na kikasha ni kitupu. Ninachoomba kwanza: usifute akaunti. Mara nyingi barua zote bado zimo kwenye diski, na kilichoharibika ni faili dogo lililo pembeni yake. Ukifuta akaunti ya POP (inayoshusha barua kwenye kompyuta yako) pamoja na data zake ndipo unapozipoteza kweli, kwa kuwa huenda seva haina nakala tena.

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl+Shift+Esc uhakikishe thunderbird.exe haifanyi kazi kwa siri, ikiwepo, izime. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\Thunderbird\Profiles. Utaona folda yenye jina la herufi zisizo na maana, linaloishia na .default-release au .default. Hiyo ndiyo mali yako yote. Inakili kwenye flashi kabla hujagusa kitu.

Kama ulikuwa unaambiwa kwamba programu tayari imefunguliwa ila haijibu, futa humo faili la parent.lock. Kazi yake ni kuzuia Thunderbird mbili zisiandike sehemu moja. Likikataa kufutika, basi programu bado haijazimika.

Kikasha kitupu, au kichwa cha barua moja kinachofungua barua nyingine, ni dalili ya faharasa iliyovurugika. Ingia folda ya Mail kwa POP, au ImapMail kwa IMAP (ambayo barua hubaki kwenye seva). Kila kikasha kina mafaili mawili: Inbox, lisilo na kiambishi (herufi za mwisho baada ya nukta), ndilo lenye barua zenyewe, Inbox.msf ni orodha yake tu. Futa lile la .msf peke yake, programu ikiwa imefungwa. Ukifungua tena litajengwa upya, na kikasha cha gigabaiti kadhaa kinaweza kuchukua dakika kadhaa, kwa hiyo usiikatize. Utakachopoteza ni mpangilio wa safu. Windows ikiwa inaficha viambishi vya majina, vionyeshe kwanza, maana kukosea hapa ni kufuta barua zote.

Ipo pia njia ya "Repair Folder" ndani ya "Properties" za kikasha. Kwa POP sina shaka nayo. Kwa IMAP inatupa nakala ya kwenye diski na kuivuta upya kutoka kwenye seva, hivyo anayetumia bando ajue kikasha kikubwa kitalimaliza.

Ikiwa programu inakutaka ufungue akaunti kana kwamba ni mpya, usijaze chochote. Huenda inasoma folda nyingine tupu. Linganisha ukubwa wa folda zilizomo kwenye Profiles, kisha bonyeza tena kitufe cha Windows pamoja na R, andika thunderbird.exe -P, uchague ile nzito.

Tatizo ambalo wengi hawalidhanii ni saa. Kwenye kompyuta ya mezani ya zamani, betri ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama ikiisha, kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Thunderbird inapounganisha kwa bandari (milango ya seva yenye namba) 993, 995 au 465, inakagua cheti cha seva, yaani kitambulisho chake cha kidijitali. Kwa tarehe hiyo cheti kinaonekana hakijaanza kutumika, na muunganisho unakataliwa. Kivinjari nacho kitalalamika kwenye tovuti karibu zote, na hapo ndipo unapothibitisha. Usibonyeze "Confirm Security Exception", maana utakuwa umeizoesha programu kukubali cheti bila ukaguzi. Rekebisha tarehe, barua zitaanza kuingia. Halafu zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa betri ile ya duara kama sarafu, weka mpya ya volti 3 upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha urekebishe tarehe mara nyingine kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta.