Kupika Alhamisi, kula Jumamosi: maswali na majibu kuhusu chakula cha wikendi ya mapumziko

Anayekwenda kupumzika hataki kushinda jikoni. Ndiyo maana wengi hupika nyumbani siku moja au mbili kabla, wakafungasha, wakasafiri nacho, kule ikabaki kupasha moto tu. Mpango ni mzuri. Shida ni kwamba kati ya jiko la nyumbani na meza ya huko kuna saa nyingi ambazo hakuna anayekiangalia hicho chakula. Maswali haya yanahusu saa hizo.

Chakula kikiiva sawasawa, si bakteria wote wamekufa? Hatari inatoka wapi tena?

Wengi wamekufa, si wote. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kifike angalau 70°C hadi katikati, na joto hilo linamaliza karibu vijidudu vyote vya hatari. Lakini wapo bakteria, hasa Clostridium perfringens na Bacillus cereus, ambao hujitengenezea spora, yaani hujifungia ndani ya ganda linalostahimili hata mchemko. Chakula kikiwa bado cha moto sana, spora zimelala. Kikianza kupoa zinaamka, na zinakuta sufuria nzima ya chakula laini ambamo washindani wao wameshakufa.

Eneo la hatari ni kati ya 5°C na 60°C. Katika joto linalowafaa, bakteria wengi huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi, na perfringens anaweza kufanya hivyo kwa takriban dakika 10. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, anayepika mapema asihangaike sana na moto. Kosa kubwa hufanyika moto ukishazimwa.

Basi nipoze vipi? Nimezoea kusikia kwamba chakula cha moto hakiwekwi kwenye friji.

Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mtu anapika sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama saa mbili usiku, anafunika, anaiacha juu ya jiko ipoe, anakwenda kulala. Alfajiri anafunua: mfuniko unatiririsha matone, juu pamepoa, lakini akizamisha mwiko hadi katikati anakuta bado pana uvuguvugu. Sufuria nzito iliyofunikwa hutunza joto kama chupa ya chai. Usiku kucha mchuzi ule umekaa katika joto lilelile bakteria wanalolipenda.

Ushauri wa kutoweka cha moto kwenye friji una sababu yake, kwani sufuria nzima inayofuka moshi itapandisha joto la maziwa na vingine vilivyo jirani nayo. Dawa yake ni kukigawa chakula, wala si kukiacha nje. Mimina mchuzi kwenye vyombo vipana visivyo na kina, usizidi sentimita 5 kwenda juu. Nyama kubwa ikate vipande. Kama una haraka, ziba sinki, jaza maji ya baridi na barafu, tumbukiza chombo humo na ukoroge kila baada ya dakika chache; mvuke utapungua ukiona kwa macho. Mvuke ukishakoma, weka kwenye friji hata kama chombo bado kina uvuguvugu, ukiacha mfuniko wazi kidogo mpaka kipoe kabisa. Usirundike vyombo. Acha nafasi hewa ya baridi ipite.

Kipimo cha kawaida ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kama hewa yenyewe imevuka 32°C, isizidi saa 1.

Na wali?

Wali unahitaji uangalifu wa peke yake. Spora za Bacillus cereus huwa tayari kwenye mchele mkavu, na wali ukiachwa nje bakteria hao hutoa sumu inayoleta kutapika. Sumu hiyo haivunjwi na moto. Unaweza kuupasha wali mpaka utoe moshi, bakteria wakafa, sumu ikabaki palepale. Ukitaka kupika mapema, upoze ndani ya saa 1, uutandaze kwenye sinia pana, kisha friji, na uliwe ndani ya siku moja. Ila kusema kweli sioni faida. Wali ni wa dakika 20 tu, beba mchele ukapike huko huko.

Vyakula gani vinavumilia safari na kupashwa moto, na vipi havivumilii?

Vyenye mchuzi ndivyo mabingwa: maharage, dengu, choroko, supu, rosti ya nyama au kuku, sosi ya nyanya. Vinaganda vizuri kwenye friza, na vingi ladha yake inakolea vikilala. Vitie kwenye mifuko imara ya plastiki, uilaze bapa ndipo igande. Mifuko bapa inaganda upesi, inayeyuka upesi, na ndani ya kisanduku cha baridi inafanya kazi ya barafu pia.

Viazi vya kuchemsha vikigandishwa hugeuka kuwa majimaji. Tango, majani ya saladi na nyanya mbichi usizigandishe kabisa. Tambi zitoe motoni kabla hazijaiva sana, kwa sababu zitaiva tena kwenye sosi. Saladi ya kabichi na karoti iliyokatwa hukaa siku mbili kwenye friji bila taabu mradi chumvi na ndimu vitiwe mezani. Tikiti likishakatwa lihesabu kama chakula kilichopikwa, yaani likae kwenye baridi. Tunda hili lina asidi kidogo mno ya kuwazuia bakteria. Mayai ya kuchemsha yakae na maganda yake, ndani ya friji, hadi wiki moja.

Nyama mbichi iliyokwisha kutiwa viungo?

Inafaa, na pengine ni salama kuliko iliyochomwa nusu ili "ikamaliziwe huko". Nyama iliyoiva nusu imepata joto la kuwaamsha bakteria bila kuwaua. Beba ikiwa mbichi, imegandishwa, kwenye chombo kisichovuja, chini kabisa ya kisanduku. Ule mchuzi wa viungo uliolowekea usiupake kwenye nyama iliyoiva, labda uuchemshe kwanza.

Nitasafirishaje? Na friji ya huko imezimwa kwa wiki kadhaa.

Chakula kiingie kwenye kisanduku cha baridi kikiwa tayari cha baridi au kimeganda. Kisanduku hakipozi kitu. Kinachelewesha joto tu. Gandisha chupa za maji ujaze nazo kila upenyo, kwa kuwa kisanduku kilichojaa hudumu na baridi kuliko kilicho nusu tupu, na chupa zikiyeyuka mnayanywa. Vinywaji viwe na kisanduku chao, maana hicho ndicho kitakachofunguliwa kila dakika. Garini kaa nacho mlimo na ubaridi, si kwenye buti linalopigwa jua.

Mkifika, jambo la kwanza ni kuwasha friji, lakini msihamishie chakula papo hapo. Friji iliyokaa imezimwa huchukua saa kadhaa kufika 5°C. Weka kipimajoto cha friji ndani (ni kidogo, unakibeba mfukoni) na uache chakula kwenye kisanduku mpaka namba ishuke. Kama kuna mtu anayeweza kutangulia kuiwasha siku moja kabla, mwombe. Friza iwe -18°C. Kumbuka kugandisha hakuui bakteria, kunawasimamisha tu.

Umeme ukikatika, msifungue mlango. Friji iliyofungwa hulinda chakula kwa takriban saa 4; friza iliyojaa, saa 48, iliyo nusu, saa 24.

Na maji: nyumba iliyokaa bila watu, mabomba yake yamelaza maji. Fungulia kila bomba yatiririke dakika kadhaa kabla ya kuyatumia. Kama huna uhakika na usafi wake, yachemshe yatokote kwa dakika 1 kamili, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Huko kuna sufuria ya umeme ya kupika polepole. Naweza kuweka maharage mekundu asubuhi tukatoka?

Maharage mekundu makavu, hapana. Yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, na joto la sufuria hizo huenda lisifike mchemko. Maharage yaliyopata joto la wastani tu yanaweza kuwa na sumu kali kuliko hata mabichi, na punje 4 au 5 zinatosha kumtapisha mtu ndani ya saa 1 hadi 3. Loweka angalau saa 5, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya yakitokota dakika 30, ndipo uendelee polepole kama unataka. Ya kopo yameshachemshwa, hayana neno.

Nimeandaa kitunguu saumu ndani ya mafuta kwenye chupa, cha kupakia nyama.

Kiwekwe kwenye friji na kitumike ndani ya siku 4, au kigandishwe. Mafuta hufukuza hewa, na bakteria aitwaye Clostridium botulinum hustawi pasipo na hewa, akitoa sumu inayopoozesha misuli. Hatari hiyohiyo ipo kwa viazi vilivyookwa ndani ya karatasi ya foili kisha vikaachwa mezani humohumo. Vifungue.

Si nitanusa tu nijue kama kimechacha?

Hutajua. Bakteria wanaoharibu harufu na ladha mara nyingi si wale wanaougonjesha mwili. Chakula chenye sumu ya Staphylococcus aureus, bakteria anayetoka kwenye mikono na pua zetu, kinaweza kunukia vizuri tu. Tegemea saa na kipimajoto, na andika tarehe kwenye kila chombo.

Baba ana presha na mama ana kisukari. Chakula cha kupika mapema kinawafaa?

Kinawafaa sana, kwa sababu mpishi ni wewe, si kiwanda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na ile iliyofichwa kwenye vidonge vya supu, soseji na sosi za chupa. Humo ndimo chumvi ya wikendi inamoingilia. Pika bila vidonge hivyo, tia kitunguu, tangawizi, ndimu na majani ya kunukia. Atakayetaka chumvi ataongeza kwenye sahani yake. Kwa mama, maharage na dengu hupandisha sukari taratibu kuliko mkate mweupe. Muhimu zaidi, asikae na njaa njiani kama anatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari. Kitu chake cha kula kiwe mkononi, si chini ya kisanduku.

Kuna wanaopaswa kujihadhari zaidi?

Wajawazito, watoto wachanga, wazee, na wenye kinga dhaifu. Bakteria aitwaye Listeria huendelea kukua hata ndani ya friji, tena inaweza kuharibu mimba huku mama mwenyewe akihisi mafua mepesi tu. Wao wale kiporo kilichopashwa mpaka kinafuka moshi kote, wala wasile jibini la maziwa yasiyochemshwa.

Mtu akianza kuharisha tukiwa huko?

Kwanza maji. Pakiti moja ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ndani ya kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1. Kama hamna, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote viwe vya usawa, anywe kidogo kidogo. Nunua pakiti mbili tatu kabla ya safari, ni nyepesi kuliko kitu chochote mtakachobeba.

Msiharakishe kulaumu mlo wa mwisho. Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 kunaelekeza kwenye sumu ya wali au ya bakteria wa mikononi. Msokoto na kuharisha baada ya saa 6 hadi 24 kunafanana na perfringens, na mara nyingi huisha ndani ya siku moja. Salmonella anaweza kuchukua hadi siku 6, kwa hiyo huenda aliliwa hata kabla hamjafunga mizigo.

Mpelekeni kituo cha afya kukiwa na damu kwenye choo, homa kali, kutapika kila anachokunywa, mkojo kukauka, kizunguzungu akisimama, kuharisha kupita siku 3, au mtoto aliyelegea na macho kuingia ndani. Akiona vitu viwiliviwili, kope zikaanguka au ulimi ukawa mzito, hiyo ni dharura, msingoje asubuhi.

Jumapili kimebaki chakula. Turudi nacho?

Hesabu tangu siku kilipopikwa, si tangu kilipofunguliwa. Kiporo kwenye friji kina siku 3 hadi 4, hivyo mchuzi wa Alhamisi Jumapili unakaribia ukingoni. Ulioletwa umeganda na haujayeyuka rudi nao kwenye barafu. Uliokwisha kupashwa moto mara moja na kukaa mezani usiupashe tena. Kama barafu ya kurudia haipo, mwageni hukohuko, na friji muiache tupu, imefutwa, mlango ukiwa wazi.