Kutafuta msisimko: kwanini mtu anaruka toka kwenye ndege isiyo na tatizo lolote

Ikitokea video ya mtu anapanda mwamba bila kamba, au anajirusha toka juu ya jabali kavaa ile suti yenye mabawa, maneno ya watu ni yaleyale, huyu kachoka kuishi, huyu haogopi kufa, huyu adrenalini imeshamlevya. Mi naona tunawaonea. Alafu tukishasema hivyo tunaacha kuuliza, na swali lenyewe ni zuri sana.

Saikolojia ina dhana inaitwa kutafuta msisimko. Aliyeichimba kuliko wote ni Mmarekani Marvin Zuckerman, yeye na wenzake walitoa kipimo chake cha kwanza mwaka 1964, na chanzo chake wala hakikuwa michezo, ni yale majaribio ya kumweka mtu peke yake kwenye chumba kisicho na mwanga wala sauti, wakawa wanataka kujua mapema nani atavumilia na nani atashindwa. Baadaye akaigawa hiyo tabia mafungu manne: kuna kupenda mambo ya kasi na ya kutishia mwili, kuna kupenda vitu vigeni kama safari, muziki, watu wa aina nyingine, kuna kujiachia kwenye starehe, na kuna kuchoshwa haraka na mambo yanayojirudia. Mtu anaweza kuwa juu sana kwenye fungu moja na chini kwenye jingine, ndo maana unaweza kumkuta mruka na parachuti ambaye pombe hagusi na saa tatu usiku kashalala.

Sasa hapa ndo wengi wanapokosea. Kwa Zuckerman, huyu mtu anafuata hisia mpya na kali, na yuko tayari kuingia hatarini ili azipate. Yaani hatari ni bei, sio bidhaa. Ingewezekana kuipata hisia ileile kwa usalama wote, wengi wao wangeichukua hivyohivyo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kurithi kunachangia sehemu kubwa ya tabia hii, na kwa kawaida tabia yenyewe inapanda ujanani alafu inashuka umri unavyosogea.

Mwilini kinachotokea ni hivi, ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, mboni za macho zinapanuka, viganja vinalowa jasho. Ila adrenalini peke yake haielezi kwanini mtu anarudi tena na tena, maana hata ukikoswakoswa na gari unaipata na hutamani kurudia.

Mwaka 1974 wanasaikolojia Richard Solomon na John Corbit walitoa maelezo ambayo mi binafsi nayapenda kuliko yote. Wanasema ubongo haupendi kuyumba upande mmoja, ukisukumwa kwenye hofu na wenyewe unasukuma kinyume chake ili ujirudishe katikati, na kadiri unavyorudia ndivyo ule msukumo wa kinyume unavyokomaa. Muangalie mtu anayeruka mara ya kwanza: mlangoni kwenye ndege macho yamemtoka, mwili umekakamaa, akitua anakaa kimya kama kapigwa na butwaa, dakika kadhaa ndo anaanza kuongea. Muangalie huyohuyo akisharuka mara nyingi, hofu imebaki wasiwasi kidogo tu uliochanganyika na hamu, ila akitua ile furaha inaweza kukaa naye masaa. Hofu imepungua, raha imekua. Hicho ndo kinachomrudisha.

Na kuhusu hao tunaosema hawana hofu, tumchukue mpanda miamba Alex Honnold, aliyepanda ukuta wa mwamba wa El Capitan kule Yosemite, Marekani, tarehe 3 Juni 2017, kama mita 900 bila kamba, kwa saa 3 na dakika 56. Kabla ya hapo wanasayansi walimweka kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakamuonyesha picha za kutisha, amigdala, ile sehemu inayowasha king'ora cha hofu, ikabaki kimya. Watu wakashika hiyo tu. Lakini kulala kwenye mashine ukiangalia picha sio sawa na kuning'inia ukutani, na picha hiyo haikuambii kama alizaliwa hivyo au ni miaka ya mazoezi. Na ukweli ni kwamba mwaka mmoja nyuma, 2016, alianza kuupanda ukuta huohuo bila kamba, akaona hali haiko sawa, akakatisha. Akarudi kwenye mazoezi akiwa na kamba, anarudia sehemu ngumu mpaka anajua kila kidole kinashika wapi. Mtu asiyejua hofu hakatishi.

Lakini uzoefu haufuti hatari. Mruka na parachuti Felix Baumgartner aliruka toka kimo cha kama kilomita 39 mwaka 2012 akatua salama, alafu Julai 2025 akafariki huko Italia akiwa kwenye parachuti yenye injini. Bei niliyosema ni ya kweli, na familia zinailipa.

Jambo jingine, sio wote wanafuata kitu kimoja. Watafiti waliolinganisha waruka na parachuti na wapanda milima waliona wa kwanza ndo hasa wanafuata msisimko. Wapanda milima, ukifikiria, wanakaa wiki nzima kwenye baridi, hatua kwa hatua, usingizi wa shida, msisimko uko wapi hapo? Wao kikubwa kwao ni kuhisi kwamba maisha yao yako mikononi mwao, hasa wale ambao wakiwa nyumbani na watu wao wa karibu hisia zinawashinda kuzielewa na kuzisema. Kule juu hofu iko wazi, ina sababu, na ina kitu cha kufanya: funga kamba, kagua fundo, songa. Akishuka anakuja na ile hali ya kujiweza mpaka nyumbani, anaongea vizuri, ametulia. Ikianza kupungua ndo unamkuta kakaa chini anakagua kamba zake upya.