Dawa za presha ya macho: maswali ya watu wa Lamu

Nyanya kapewa matone ya dozolamidi, lakini presha yake akipimwa mkononi iko sawa. Sasa ya nini?

Presha ya macho si ile ya mkononi jamani. Ndani ya jicho kuna maji yanatengenezwa kila wakati na yana njia yao ya kutokea, njia ikibana yanajaa kama tangi lililosahauliwa mfereji wazi, yanaukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huo ukifa haurudi tena. Mara nyingi hata haumi! Ndio mana wazee wanakuja jicho moja lishazima wanasema ni uzee tu.

Hiyo dawa inafanyaje?

Mwilini kuna kimeng'enya (kitu kinachoharakisha kazi za mwili) kinaitwa kaboniki anhidrezi, kinachukua kaboni dioksaidi na maji kinatengeneza baikaboneti (chumvi inayopunguza asidi) na asidi. Kwenye jicho hiyo baikaboneti ndiyo inasaidia kuvuta maji yaingie. Dawa inakizuia, maji yanatengenezwa machache, presha inashuka. Inalinda uoni uliobaki, ule uliokwisha potea haurudishi, kwa hivyo usiache matone kisa huoni tofauti.

Babu anameza asetazolamidi, vidole vinamchonyota na mkojo haumpi nafasi.

Ni dawa za jamii moja ila vidonge vinazunguka mwili mzima mpaka kwenye figo, baikaboneti inatoka na mkojo pamoja na maji na potasiamu. Michonyoto ya vidole na midomo ni kawaida, hata soda inaweza kuwa na ladha mbovu. Lakini akitoka vipele, akikojoa damu, akiumwa sana ubavuni (huenda ni mawe ya figo) au akipumua kwa shida, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Kaka anaenda kupanda Kilimanjaro, kaambiwa ameze hizo hizo. Kweli?

Kweli. Kileleni ni mita 5,895, hewa ni nyepesi, na sisi tumezoea usawa wa bahari. Dawa inaifanya damu iwe na asidi kidogo, mwili unapumua zaidi na kuzoea haraka. Kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, anaanza siku moja kabla, lakini aandikiwe na daktari. Na bado apande polepole, akianza kuyumba au kuchanganyikiwa ashuke, asingoje kidonge. Wapo pia wanaopewa kwa kifafa na kwa presha ya maji ya ubongo.

Nani ajihadhari?

Mwambie daktari kama una sikoseli, na huku Pwani wapo wengi, mana asidi ikizidi kwenye damu seli zinajikunja zaidi. Sema pia kama Septrin (dawa ya salfa, ina undugu na hizi) iliwahi kukuvimbisha, kama una ini au figo mbovu, una mimba, au unameza aspirini nyingi. Usinunue tu dukani kwa sababu jirani alipewa.

Ramadhani tuache matone?

Hapana! Hili linaniuma sana, watu wanaacha mwezi mzima na presha inapanda kimyakimya. Wanazuoni wengi wanasema matone ya macho hayafunguzi, kaulize shehe wako. Ukishatia, funga jicho na ubonyeze kona ya karibu na pua kama dakika mbili, yasishuke kooni. Kama bado una wasiwasi muombe daktari akupangie ya mara mbili kwa siku, utie baada ya kufuturu na wakati wa daku.