Kukaa na kivumbasi: upande wa mimea ambao darasani haufundishwi

Wengi wanaonifuata kutaka kujifunza mitishamba wanakuja na swali moja tu, hii inatibu nini. Unamwonyesha mtu mmea, hajaugusa hata jani, keshatoa simu anaandika: mwarobaini malaria, mlonge presha, kivumbasi homa na mbu, halafu anauliza unaofuata uko wapi. Siwalaumu, hata mimi nilianzia hukohuko, nilisomea famasia, nikafundishwa kuliona jani kama mfuko wa kemikali, na mpaka leo mgonjwa akija kwangu naongea naye vipimo, namuuliza anatumia dawa gani za hospitali, namkumbusha kwamba mitishamba nayo ina uwezo wa kuharibu figo na ini ukiicheza. Hilo sitanii nalo. Ila nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba mtu anaweza kuwa na orodha ndefu ya dawa kichwani na bado hajawahi kuujua mmea hata mmoja, na leo nataka kuongelea hiyo kuujua, kuujua kwa roho, maana naulizwa sana na majibu mengi yanayozunguka mtandaoni naona ni ya kubahatisha.

Nitatumia kivumbasi kwa sababu karibu kila mtu anakipata. Kinaota chenyewe pembeni ya njia, nyuma ya jiko, kwenye shamba lililoachwa, kinafika kiunoni na hata kifuani, shina lake ukilipitishia vidole unasikia pembe nne, majani yana meno pembeni na vinyweleo kidogo, maua madogo meupe yanayoelekea njano ambayo nyuki hawayaachi. Kwa jina la kisayansi ni Ocimum gratissimum, ndugu wa mrehani. Harufu yake inakaribia karafuu, na si kwa bahati, vyote viwili vina eugenoli, mafuta yaleyale ambayo daktari wa meno anayatumia kutuliza jino. Mafuta hayo yanakaa kwenye vifuko vidogo sana juu ya jani, ukiligusa vinapasuka, ndo maana kivumbasi hakikunukii sana mpaka ukipitie au ukishike. Mwaka 2020 wakati wa korona watu walipokuwa wanapiga nyungu, yaani kujifukiza mvuke wa majani, kila nyumba, kivumbasi kilikuwa kinang'olewa na mizizi yake, magunia kwa magunia, na nilikuwa nawauliza wanaokileta sokoni kilikuwa kimeota wapi, kando ya nini, kilikuwa na maua au bado, hawajui, wanajua bei ya fungu.

Bibi aliyenifundisha mimi mambo ya porini, mama mtu mzima wa Kisambaa huko milima ya Usambara, alikuwa na taratibu zake za kuchuma. Unaenda alfajiri, hujaongea na mtu njiani, hata ukisalimiwa unaitikia kwa kichwa unapita. Ukifika unasimama kwanza. Unausalimia mmea, unataja jina la mgonjwa na shida yake, unaomba, ndipo unachuma, na ukimaliza unaacha kitu, sarafu au punje za mahindi au maji uliyokuja nayo. Mti wa kwanza kukutana nao huuchumi, unaupita, unatafuta mwingine. Mzizi unauchukua upande wa mashariki na upande wa magharibi basi, na shimo unalifukia.

Nilivyokuwa kijana wa maabara nikawa nafanya kile ambacho wasomi wengi tunakifanya, nikaanza kutafuta kemia ndani ya kila mwiko. Alfajiri nikasema ah, mafuta hayajapotezwa na jua, wazee walikuwa wanasayansi bila kujua! Inapendeza kuisikia lakini haiko hivyo. Kivumbasi kimechunguzwa Brazil, jani likapimwa saa tofauti za siku, na eugenoli ilionekana kuwa nyingi mno mchana jua likiwa utosini na kushuka vibaya jioni. Maana yake kama unachotaka ni eugenoli peke yake basi nenda saa sita mchana na kofia yako. Bibi hakuwa anatafuta eugenoli. Ile safari ya kimya ya alfajiri ilikuwa inamfanyia kazi mchumaji, ukitembea nusu saa hujafungua mdomo na mgonjwa wako uko naye kichwani, unafika pale macho yamefunguka na masikio yamefunguka, unaona jani lenye ukungu, unaona kuna mche mdogo hapo chini usije ukaukanyaga, unakumbuka vizuri ulichotumwa na huchukui zaidi.

Hapa ndo msimamo wangu ulipo na najua wenzangu wengine wa tiba asili hawakubaliani nami. Tumezoea kuutetea urithi wetu kwa kuonyesha kwamba kila kitu kina sababu ya kimaabara, kana kwamba kisichopimika ni aibu. Mimi nasema yapo mambo yanayofanya kazi kwenye jani na yapo yanayofanya kazi kwa mtu, na haya ya pili yana heshima yake yenyewe bila kuombewa hati na maabara. Nenda Kilimanjaro ukaangalie isale. Ni dracaena, mmea wa majani marefu ya kijani, mtu wa mjini anauweka kwenye chungu sebuleni. Mchaga akikukosea, akaja na jani la isale kuomba msamaha, hapo mambo yamebadilika, kulikataa jani hilo ni jambo zito mno, na isale hiyohiyo ndo inapandwa kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, na kwenye makaburi ya wazee. Ukiipeleka maabara utapata vitu fulani, sawa, lakini uwezo wa kuwakalisha chini ndugu wawili waliogombana hutaupata kwenye chupa, uko kati ya watu na ule mmea, umejengwa vizazi na vizazi.

Na kutouheshimu upande huu kuna gharama ambayo hata mwanasayansi anaweza kuihesabu. Upo mti wa milimani, Wakikuyu wanauita muiri, kisayansi Prunus africana. Magome yake wazee wameyatumia kitambo, wanabandua kipande, mti unapona. Ikaja kujulikana Ulaya kwamba yanasaidia wanaume wenye shida ya tezi dume, biashara ikawa ya tani, na huko Kamerun na kwingineko watu wakaanza kubandua gome mzunguko mzima mpaka juu, au kuangusha mti kabisa. Mti uliobanduliwa mzunguko mzima unakufa, chakula kutoka kwenye majani hakifiki tena mizizini. Mwaka 1995 ikabidi uwekwe kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ili biashara yake idhibitiwe. Sasa rudi kwa bibi na mashariki yake na magharibi yake: aliyechukua pande mbili tu akaacha nyingine, mti wake upo. Hapa mwiko na ikolojia vimekutana, ila angalia vizuri, bibi hakuanza na ikolojia, alianza na adabu, kwamba huyu ninayemchukulia kitu chake ni kiumbe.

Kule Kwale, pwani ya Kenya, Kaya Kinondo, nitakushauri uende ukipata nafasi. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na bahari, na misitu ya kaya za Mijikenda, yaani makazi yao ya kale, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Ukifika unafungwa kaniki kiunoni, unavua kofia, na unaambiwa hutoki na kitu, hata jani lililoanguka, hata kijiti. Unaruhusiwa kukumbatia mti. Kwa mtu wa mitishamba hii sheria ya kutotoka na kitu ni shule kubwa kuliko unavyodhani, nimepita mle mikono imezoea kuchuma, nikawa sina cha kufanya zaidi ya kuangalia, na nikaona mambo mengi kuliko ninavyoona nikiwa na kikapu. Nje ya ule msitu pwani imelimwa na kujengwa mahoteli, ndani kuna mimea adimu ambayo ni ngumu kuipata kwingine, na mbega juu ya miti. Uzio mkubwa uliouhifadhi kwa karne ulikuwa imani ya wazee wa kaya.

Sasa najua kuna msomaji hapa roho inamgonga, anajiuliza hii si shirki, kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Swali zuri na nalichukulia kwa uzito kwa sababu mimi ni Mwislamu. Kuuabudu mti, kuuomba mti ukupe mtoto au ukulindie nyumba, hapana, huko siendi na sikupeleki. Lakini Qurani yenyewe kwenye Surat Ar-Rahman inatuambia miti inasujudu, na sote tumesimuliwa habari ya lile gogo la mtende ambalo Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiliegemea wakati wa hotuba, alipotengenezewa mimbari akaliacha gogo likalia mpaka akaja kuliwekea mkono likanyamaza. Kama gogo lililokatwa linaweza kumlilia mtu, mimi nina sababu gani ya kumwona mtu anayeusalimia mti kuwa mpungufu wa akili? Ndugu zangu Wakristo nao wana zaburi inayosema miti ya mwituni itaimba kwa furaha. Kumsalimia kiumbe mwenzako anayemsujudia Mola yuleyule ni jambo jingine kabisa na kumwabudu, na bibi yule alikuwa akisema bismillahi kabla hajasema lolote kwa mti.

Kuna upande mwingine wa kupotea ambao nauogopa zaidi. Mnakumbuka Loliondo 2011, kaskazini mwa Tanzania, kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu Babu Ambilikile Mwasapile na kikombe chake cha dawa cha shilingi 500, kilichosemwa kinatibu magonjwa sugu, magari yakapanga foleni kilomita na kilomita, wengine wakafia njiani. Dawa yenyewe ilikuwa mizizi ya mugariga iliyochemshwa, mti unaojulikana sana na wenyeji. Babu mwenyewe alisema dawa inafanya kazi kwa neno la Mungu na kwa mkono wake. Watu wakabishana miaka, ina kemikali gani, haina, na mimi nilikuwa najiuliza kwenye umati ule wote ni wangapi waliuona mti wenyewe. Walikunywa wakageuza gari. Kuna waliokuwa na virusi vya UKIMWI wakaacha ARV, dawa zao za kufubaza virusi, wakaumia. Hiyo siihesabu kuwa mahusiano na mmea, ni mahusiano na mtu na tumaini lake, na ukitaka kunifuata kwenye haya ninayoyaeleza basi tukubaliane kabisa, dawa yako ya hospitali unaendelea nayo, kisukari unapima, presha unapima, na kukaa na kivumbasi ni kwa ajili ya kitu kingine.

Unakaaje nacho basi. Chagua kimoja tu, kisiwe adimu, kisiwe cha mbali, kiwe mahali utakapoweza kurudi. Mwezi mzima wa kwanza usichume. Hili wanafunzi wangu linawatesa sana, mikono inawasha, lakini nalishikilia. Nenda alfajiri ukiweza, simu iache nyumbani kabisa maana ukiwa nayo utapiga picha na ukishapiga picha macho yanapumzika. Salimia, kwa sauti au moyoni. Angalia majirani zake ni nani, kivumbasi cha kando ya mwarobaini na kile cha jalalani havifanani urefu wala ukali wa harufu. Nenda mvua ikiwa imenyesha, nenda wakati wa kiangazi majani yamejikunja. Sugua jani moja bila kulikata, nusa, halafu funga macho uone linakupeleka wapi, kwa wengi wetu wa pwani harufu hizi zina watu ndani yake, shangazi fulani, siku ya homa fulani, kikuba cha mrehani na asumini kwenye kifua cha bi harusi. Usiikimbie hiyo kumbukumbu ukidhani unatoka nje ya somo. Omba dua yako hapo ukitaka. Kama unaota ndoto za mimea andika, usikimbilie kuzitafsiri, na akitokea mtu kwenye WhatsApp anataka umlipe akutafsirie achana naye.

Siku ya kuchuma ikifika utajua, na utashangaa unavyochuma kidogo. Mimi wagonjwa wangu nawapa majani niliyochuma hivi na sitasema eti mafuta yake yamezidi, sijapima na sina haja, ila nampa mgonjwa kitu ninachokifahamu kilikotoka na kilivyokuwa asubuhi ile, na tunaongea tofauti, ananisimulia mambo ambayo kwenye fomu yangu hayana sehemu.

Kwa mlioko Muscat, London, Toronto ambao mnaniandikia kwamba huko hakuna, mrehani mnao, hata Muscat, na Ulaya upo dukani kwenye kichungu. Anzeni nao. Ukipata mbegu za kivumbasi ujue ni ndogo sana, usizifukie chini, zitandaze juu ya udongo wenye unyevu uzikandamize kidogo kwa kiganja kwa sababu zinataka mwanga ili ziote, chungu kikae dirishani panapopata jua na baridi isikifikie, na vichipukizi vikishatoka vingi vingi vipunguze, kile unachokibakisha ndicho utakachoanza kukisalimia.